Maisha ya Mwenyekiti Kwenye Rafu ya Riwaya

Tulipoachana, kidole cha Mzee Utepe kilikuwa kinatembea kwenye rafu ya wasifu, kitabu baada ya kitabu, kikitafuta kitabu chake mwenyewe. Wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita kwa sababu shemeji yako alifungia sabuni, nakuhurumia. Vuta kiti, nitakuweka sawa kwa pumzi moja.

Faharasa ni mwanafunzi wa shahada ya pili ya ukutubi, mgeni mjini, anayelala kwa shangazi yake kati ya cherehani na marobota ya vitambaa. Jina hilo alipewa na kaka zake siku alipopanga kabati la mama yao kwa alfabeti, mama akashinda mchana mzima akitafuta chumvi. Leo ni siku yake ya mwisho ya mafunzo kwa vitendo katika maktaba ya mji.

Mzee Utepe ni mwenyekiti wa bodi ya maktaba. Anaitwa hivyo kwa kuwa hakuna utepe mjini ambao hajaukata. Yeye ndiye anayetia sahihi fomu za wanafunzi, na ndicho kilichomleta. Asipotia, Faharasa harudi darasani. Anarudi nyumbani, kwenye duka la kaka yake la vifaa vya ujenzi, akapime misumari mpaka azeeke.

Sasa mzee, kabla hajatoa kalamu, akataka kwanza aonyeshwe kitabu cha maisha yake, Nilizaliwa na Radi, kilivyopangwa. Na kitabu hicho hakipo kwenye wasifu. Kimekwenda kwenye riwaya, na mkono uliokipeleka huko ni wa Faharasa.

"Sikioni," alisema Mzee Utepe.

Kidole kilifika mwisho wa rafu, kikageuka, kikaanza kurudi.

"Binti, nakuuliza wewe. Kitabu changu kiko wapi?"

"Kimeazimwa, Mheshimiwa." Ulimi ulitangulia, akili ikabaki nyuma ikitafuta viatu.

"Nakala zote?"

"Zote tatu."

Uso wa mzee ulikunjuka. Alirekebisha tai, akatazama huku na huku kuona kama kuna mwingine aliyesikia. "Zote tatu," alirudia. "Unajua, siku zote nilisema. Watu wanahitaji mifano ya kuigwa."

Mwingine aliyesikia alikuwepo, kwa bahati mbaya. Nyuma yao alisimama mkutubi mkuu, Bi Kimya, mwanamke anayeweza kuzuia kikohozi cha mtu kwa kumtazama tu. Bi Kimya anaijua maktaba ile kama mfuko wa gauni lake, na alijua kwamba kitabu kile hakikuwahi kusumbuliwa na msomaji.

"Ngoja nikahakikishe kwenye kompyuta," alisema.

Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema. Ya Faharasa ilikuwa fupi kama kutoka rafu ya wasifu hadi dawati la kuazimia. Aliitembea akiwa nyuma ya Bi Kimya, anaomba umeme ukatike.

Wakati anatembea, nikwambie yalivyotokea, usije ukamwona mjinga. Lebo za vitabu vingi zilikuwa zimebanduka, na kazi yake ilikuwa kuviainisha upya na kuvibandika: kijani kwa riwaya, bluu kwa wasifu. Mwalimu wao chuoni ana sheria moja anayoipenda kuliko chakula. Kitabu hakiainishwi kwa jalada, anasema. Fungua mwanzo, fungua katikati, fungua mwisho, ndipo uamue.

Faharasa akafungua mwanzo. Mtoto anazaliwa, radi inapiga, na mtoto anamsalimia mkunga. Akafungua katikati. Mtoto yule yule, sasa ni kijana, anapigana na chui kwa mwavuli. Akafungua mwisho. Bwana yumo ndani ya jeneza lake na anawataja kwa majina waombolezaji waliochelewa. Mwandishi amejiita Mwana wa Radi, basi. Wewe mwenzangu ungekiweka wapi?

Kilichomponza ni dibaji, ambayo hakuisoma. Imeandikwa pale kwa herufi nene: Haya ni maisha yangu halisi, na sijaongeza hata nukta.

Bi Kimya aliketi, akavaa miwani, akabonyeza. Akasubiri. Akabonyeza tena.

"Ni kweli," alisema taratibu, kwa sauti ya mtu asiyeamini macho yake. "Zote tatu ziko nje. Na kuna foleni ya wanaosubiri."

 Faharasa alikuwa amesema uongo, na uongo wenyewe ukageuka kuwa kweli. Mzee Utepe naye alivuta kiti cha dawatini akakaa bila kukaribishwa, amejaa kama debe.

Lakini Bi Kimya hakuwa amemaliza kusoma. Macho yake yalishuka mstari mmoja, yakafika kwenye namba ya rafu, yakaganda hapo. Alikigeuza kidogo kioo cha kompyuta upande wake.

"Mheshimiwa, pumzika kidogo," alisema. "Binti, njoo nikuonyeshe tunapoweka gundi."

Chumba cha ukarabati kina meza moja, harufu ya gundi na mlango mzito. Bi Kimya aliufunga.

"Riwaya?"

"Nilifungua mwanzo, katikati na mwisho, mama."

"Na dibaji?"

Faharasa alitazama sakafu.

"Dibaji, binti. Sisi tunafungua dibaji hata ya kitabu cha hesabu."

"Alimsalimia mkunga, mama. Akamwuliza hali ya watoto."

Mdomo wa Bi Kimya ulitikisika upande mmoja, ukarudi mahali pake upesi. "Sikiliza. Yule mtu ana hasira za karibu na kalamu moja tu, na hiyo kalamu ndiyo unayoihitaji. Nakala ya kwanza ikirudi, bandua kijani, bandika bluu, kabla macho yake hayajaona. Akiona, mimi sikukuona na wewe hukuniona. Nani anazo hizo nakala?"

"Moja anayo shangazi yangu. Hizo mbili sikujua."

"Mpigie."

Shangazi alipokea simu huku cherehani inaunguruma nyuma yake.

"Shangazi, shikamoo. Kile kitabu ulichoazima, naomba ukilete sasa hivi. Tafadhali."

"Nikilete?" Cherehani ilinyamaza. "Mwanangu, una homa? Nawasomea wateja kwa sauti. Watu wanakuja hata hawana kitambaa, wanasema wanapima tu. Tumefika pale patamu, pa karani wa posta. Nikikatisha hapa watanichoma na sindano zangu."

"Shangazi, ni shida kubwa."

"Shida kubwa ni mimi kukaa usiku kucha sijui yaliyompata yule karani. Yule mama wa gari jeupe alitaka kuninyang'anya, nimemwambia aende kwenu akaazime yake. Haya, kazi njema."

Akakata. Ndivyo ilivyo kwa shangazi yake. Wiki ya kwanza mjini, Faharasa alipotea njia, akamfuata mtu aliyebeba vitabu akidhani anakwenda chuoni, kumbe ni fundi baiskeli anayekwenda kukazia mguu wa meza. Aliporudi jioni miguu imevimba, shangazi alicheka mpaka akachoma gauni la mteja kwa pasi. Ni mtu wa kumpa mgeni kitanda, chai na kicheko, lakini ukimwomba msaada utangoja amalize sura.

Bi Kimya alimkabidhi lebo tatu za bluu na chupa ya gundi. Wakatoka.

Huko nje mambo yalikuwa yameshaiva.

Muuguzi mmoja, bado amevaa sare ya hospitali, alikuwa amesimama dawatini. Kwa kuwa aliyemkuta kwenye kiti ni Mzee Utepe, alidhani ndiye mpokeaji, akamkabidhi kitabu. Nilizaliwa na Radi. Mzee alikuwa amekipakata kwa mikono miwili, mgongo wa kitabu ukiwa tumboni kwake.

"Kimekugusa?" alikuwa anauliza.

"Kunigusa? Mzee wangu, nimekisoma zamuni. Nimecheka mpaka wodi nzima ikaamka, mgonjwa mmoja akadai apewe ruhusa aende nyumbani amepona."

"Umecheka wapi?"

"Pale pa chui na mwavuli. Huyu mwandishi sijui anakula nini."

"Chui yule," alisema Mzee Utepe, "alikuwa wa kweli."

"Ndiyo raha ya hadithi nzuri, mzee. Ukiamua kuamini, inakuwa kweli."

Faharasa alinyoosha mkono haraka. "Nipe nikipokee, Mheshimiwa." Alikipitishia kitabu mashine ya mkononi kikiwa bado kimeshikwa na mzee, mashine ikalia, na hapo hapo simu ya mtu ikalia kwenye kona ya magazeti. Ndivyo mashine ile ilivyo: kitabu kikirudi, anayefuata kwenye foleni anapelekewa ujumbe. Mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia kwa kamba kifuani, aliizima simu yake kwa aibu chini ya jicho la Bi Kimya.

"Ngoja," alisema Mzee Utepe. Hakukiachia kitabu. Alikigeuza taratibu, akaona lebo. "Hii rangi ya kijani ni ya nini?"

Faharasa alificha chupa ya gundi mgongoni.

"Kijani ni hadithi za kubuni, mzee," alisema muuguzi kwa upole. "Kwani wewe ni mgeni hapa?"

Mzee Utepe alisimama. Alivuta pumzi ya kutosha kuangusha rafu, na kabla haijatoka, Bi Kimya alinyoosha kidole kwenye ubao mkubwa ukutani: UKIMYA TAFADHALI. Utepe wa ubao ule aliukata yeye mwenyewe.

Basi ugomvi wote uliofuata, msomaji wangu, ulipiganwa kwa kunong'ona.

"Nani?" alinong'ona mzee. "Nani amechukua maisha yangu akayaweka pamoja na sungura na fisi?"

Bi Kimya alitazama dari, kama alivyoahidi.

"Ni mimi, Mheshimiwa," alinong'ona Faharasa.

"Wewe. Mimi nimelala porini, nimepigana na chui, nimejenga mji huu kwa mikono yangu, halafu wewe, mtoto wa juzi, unasema nimebuni?"

"Nilikosea, Mheshimiwa. Nisamehe. Nitabadilisha sasa hivi."

"Utabadilisha, ndiyo. Ukimaliza ufungashe mizigo." Alichomoa fomu ya Faharasa kwenye mkoba, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti. "Mtu asiyejua kweli na uongo hawezi kuwa mkutubi. Nenda kwenu."

Faharasa aliona misumari. Aliiona yote, ya bati, ya mbao, ya zege, na kaka yake amesimama juu yake akisema, nilikwambia, hivi kweli mtu mzima anakwenda chuo kikuu kusomea kupanga vitabu? Akamwona mama yake, ambaye aliwatangazia jirani wote kwamba mwanawe anasomea shahada ya pili, na jirani walipouliza ya nini, akajibu ya pili, inatosha. Ilimuuma sana. Machozi yalifika karibu, akayameza, kwa sababu aliona haya kulia mbele ya mtu aliyempiga chui kwa mwavuli.

"Mheshimiwa," Bi Kimya alinong'ona, na hili hakuwa ameliahidi, "kitabu hiki kilikaa kwenye wasifu miaka yote. Kiliazimwa mara moja."

"Na nani?"

"Na wewe. Siku ya uzinduzi, kwa ajili ya picha."

Hilo lilimwingia. Alikaa kidogo, akasimama tena. "Heri kisisomwe kikiwa kweli," alinong'ona, "kuliko kusomwa kikiwa uongo." Aliona maneno hayo ni mazuri, nadhani, maana aliyarudia.

Muuguzi alikuwa bado hajaondoka. Nani angeondoka?

"Kumbe ndiwe mwenyewe," alisema, macho yamemtoka. "Samahani sana, mzee, nilikudhania mpokeaji. Basi na karani wa posta naye ni wa kweli?"

"Karani gani?"

"Si yule uliyemposa. Halafu siku wazee wa pande zote mbili wamekaa ukumbini wanapanga mahari, wewe na yeye mko ofisini kwake posta, ukaona ndoa itakumaliza, ukaruka dirisha ukatokomea. Sura nzima, mzee. Mimi hapo nililia. Nilimwonea huruma yule dada."

Rangi ya Mzee Utepe ilibadilika. Na hapa lazima nikupe siri ambayo mji mzima unaijua isipokuwa wewe. Mzee Utepe alipomwoa mkewe, alimwapia mbele ya mashahidi kwamba chini ya jua hili hajawahi kumposa mwanamke mwingine. Alipokuja kuandika kitabu, miaka mingi baadaye, aliandika yote bila woga, kwa kuwa alijua tabia za watu wa nyumbani kwake. Hakuna ambaye angefika sura ile.

"Nakala nyingine mbili," alinong'ona. Alikuwa amesahau kitabu mezani, amesahau na hasira. "Anazo nani?"

Faharasa alitazama kioo. Moja, shangazi. Nyingine, akasoma jina la mwazimaji, akalisoma tena, akashukuru Mungu kwamba kompyuta ile inatazama upande mmoja. Jina la mwisho lilikuwa la Mzee Utepe. Jina la kwanza lilikuwa la kike.

Mama wa gari jeupe. Loo, shangazi.

"Hatusemi, Mheshimiwa," alijibu.

"Nini?"

"Msomaji akiazima kitabu, ni siri yake na maktaba. Mkutubi hamwambii mtu nani anasoma nini. Ndiyo kanuni ya kwanza tuliyofundishwa."

"Mimi ni mwenyekiti wa bodi."

"Na kanuni hiyo uliitia sahihi wewe," alisema Bi Kimya, na safari hii hakunong'ona sana.

"Sitaki majina. Nataka neno moja tu. Mke wangu. Ndiyo au hapana?"

Faharasa aliutuliza uso wake mpaka ukawa kama ukuta mpya. "Hatusemi, Mheshimiwa."

Mzee Utepe alimtazama muda mrefu, akatafuta ndiyo, akatafuta hapana, akakosa zote mbili. Alijifuta jasho. Akafikiri. Kisha, bila haya wala soni, akatabasamu.

"Vizuri sana," alisema. "Nilikuwa nakupima, binti. Umefaulu. Mkutubi lazima awe na msimamo." Akaichomoa ile fomu mfukoni, akainyoosha mezani kwa kiganja. "Na uainishaji wako ni sahihi kabisa. Hiki ni kitabu cha riwaya. Nilikiandika kama riwaya. Kila neno humu ni la kubuni."

Bi Kimya alivua miwani. "Kila neno, Mheshimiwa?"

"Kila neno."

"Hata chui?"

Hapo mzee alimeza mate. Ilionekana wazi kwamba anaumia. Karani angemtoa bila shida, lakini chui alikuwa ameishi naye.

"Hata chui," alisema kwa sauti ndogo.

Akatoa kalamu, akaifungua. Faharasa alikuwa anaitazama ncha ile ikishuka kwenye karatasi, anajiambia bado kidogo, bado kidogo tu, mama, mwanao anapata shahada ya pili. Ncha ikagusa karatasi.

Mlango mkubwa ukafunguliwa. Akaingia mama mmoja mnene, amependeza, funguo za gari mkononi na kitabu chenye lebo ya kijani kwapani. Alitembea moja kwa moja hadi dawatini, akakiweka kitabu mbele ya Faharasa.

"Nimemaliza," alisema.

Kalamu ilisimama.

"Mke wangu," alisema Mzee Utepe. "Umefika wakati mzuri. Nilikuwa nawaeleza hapa kwamba kitabu hicho ni hadithi ya kubuni. Watu wengine wanachanganya."

"Mimi sikuwa nimechanganya," alisema mkewe. "Maboksi yake yamejaa chini ya ngazi nyumbani, napigia deki kuyazunguka. Sijawahi kufungua hata moja. Mpaka fundi wangu wa nguo aliponiambia maktaba kuna hadithi tamu, ina karani wa posta. Nikaja kuiazima. Nikaona jina la kitabu, nikasema, hee."

"Ya kubuni, mke wangu."

"Yote?"

"Yote."

"Sura ya karani?"

"Nimeitunga mwanzo mwisho."

"Na sura inayofuata?"

Mzee Utepe hakukumbuka mara moja sura inayofuata ni ipi. Muuguzi alikumbuka. Alijiziba mdomo.

"Inayofuata ni harusi yetu," alisema mke. "Nami nilikuwepo, nilivaa viatu vya kubana kutwa nzima, na alama ya kidole ninayo hadi leo. Kama na hiyo umeitunga, nambie basi nimepika kwa nani miaka yote hii."



Mzee Utepe aligeuka huku na huku, akamwangukia Faharasa kama mtu aliyeona mlango. "Binti ndiye msomi wa mambo haya. Amesomea. Sema, binti. Ni riwaya, si riwaya?" Na huku anasema, ncha ya kalamu anaigongagonga kwenye mstari wa sahihi.

"Usimtishe mtoto wa watu," alisema mkewe. Akainama juu ya dawati. Macho yake yalikuwa mekundu, na Faharasa aliona kwamba mama huyu hakuja kugombana tu. Alikuwa amelia. "Mwanangu, mimi sijui vitabu. Nakuuliza wewe, maana ninyi wa maktaba ndio mliokibandika hii rangi. Haya yaliyoandikwa humu ni kweli, au si kweli?"

Neno moja lilitosha. Riwaya. Silabi tatu, sahihi inaanguka, misumari inabaki dukani na mwenyewe. Na angekuwa anarudia tu alichokibandika.

Faharasa alitazama kalamu. Akamtazama yule mama.

"Mama, nilikosea," alisema. "Nilisoma kurasa tatu nikadhani nimesoma kitabu. Dibaji inasema ni maisha yake halisi. Hiki ni wasifu."

Akachukua nakala ile, akaibandua lebo ya kijani mbele ya macho ya watu wote, akafungua chupa ya gundi.  Mzee Utepe alifunika kalamu yake, kifuniko kikalia tak. Binti wa watu alikuwa amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, na alijua.

"Usibandike kwanza," ilisema sauti.

Alikuwa yule mama wa kona ya magazeti. Miwani ilikuwa sasa puani, na mkononi ameshika nakala ya muuguzi, ile ambayo mzee aliiacha mezani.

"Samahani kwa kujichukulia," alimwambia Faharasa. "Simu yangu iliniambia ni zamu yangu, nanyi mlikuwa mnanong'onezana. Nikaenda moja kwa moja kwenye ile sura. Nilikuwa karani wa posta maisha yangu yote mpaka nikastaafu, nikasema ngoja nione walivyotuandika."

Mzee Utepe alirudi nyuma hatua, akagonga kiti.

"Nilipoanza kusoma niliwaza, mbona kama naijua hii posta," aliendelea mama yule bila haraka. "Halafu nikasikia hii sauti. Sauti haizeeki, bwana wewe. Hujambo?"

"Sijambo," alisema Mzee Utepe. Ilitoka yenyewe.

Mke alimtazama yule mama kuanzia kandambili hadi kilemba. "Ndiwe?"

"Ndimi, dada yangu. Na usinune, mimi sina deni na mtu. Posa ni kweli. Wazee ukumbini ni kweli. Dirisha ni kweli, lilikuwa la nyuma, karibu na mizani ya vifurushi." Akafunga kitabu. "Lakini aliyeruka si yeye. Niliruka mimi, nikimkimbia yeye. Yeye alibaki ndani, amekaa juu ya gunia la barua, analia mpaka mkuu wa posta akampa kitambaa."

 Kisha maktabani kukasikika sauti ambayo haijawahi kusikika toka ijengwe. Bi Kimya alikuwa anacheka. Alicheka ameshika rafu, machozi yanamtoka, chini ya ubao wake mwenyewe.

Mke wa Mzee Utepe hakucheka. Alivuta viti viwili, akaviweka vikitazamana. "Kaa, dada yangu," alisema. "Anzia mwanzo. Usiruke kitu."

Muuguzi akatafuta cha tatu. Bi Kimya, bado anafuta macho, alikwenda mlango mkubwa, akageuza kibao kikasoma TUMEFUNGA, akazungusha ufunguo.

Faharasa alihisi kitu kinamgusa kiwiko. Ilikuwa fomu yake. Mzee Utepe alikuwa ameinama nyuma ya kompyuta, kalamu imefunguliwa tena, na herufi ya kwanza ya sahihi yake tayari imeshaandikwa.

"Binti," alinong'ona, "herufi zilizobaki naziandika sasa hivi. Mlango wa nyuma uko wapi?"

Ufunguo wa mlango wa nyuma ulikuwa mfukoni mwa Faharasa, kwa kuwa wanafunzi ndio wanaotoa takataka.

"Mwanangu," alisema mke wa mzee kutoka kitini kwake, bila kugeuza kichwa, "ukimfungulia huyo mlango, mimi ndiye utakayenijibu."

Faharasa alitia mkono mfukoni. Alichokitoa utakisoma wiki ijayo, shemeji yako asipofungia sabuni.